Korti Ilimrudisha Ng'ombe, Ikalikataa Swali

"Nitajie jina, Elphas! Jina moja tu la mtu aliyechoma daraja, halafu nikuachie ng'ombe pamoja na kamba yake!"

Celina alikuwa ameshika kamba upande huu wa lango la zizi la serikali, na Elphas, hedimani aliyewekwa na serikali kusimamia kigongo, yaani watu wa mgongo ule mmoja wa mlima, ameishika upande ule. Katikati yao alisimama ng'ombe mwekundu, shingo imenyooka kama anayesubiri wakubwa wamalize. Nyuma ya Elphas, homgadi wawili, walinzi wa serikali wa kijijini, waliegemea mikuki yao wakicheka kichinichini.

"Mama, achilia," Elphas alisema. "Amri si yangu. Ni ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Daraja limechomwa, aliyelichoma hajulikani, basi kigongo kizima kinalipa."

"Hajulikani! Kama hajulikani, mmejuaje kwamba ni wa kigongo hiki? Au moto uliwaachia barua?"

"Usinitukane mbele ya vijana."

"Nani amekutukana? Uji wangu umeunywa miaka mingapi, wewe, ukija kumtembelea marehemu? Siku hizo hukujua kwamba ng'ombe wangu huchoma madaraja usiku?"

Homgadi mmoja alishindwa kujizuia, akacheka kwa sauti. Hilo ndilo lililomharibia Celina. Elphas angeweza kuvumilia maneno, kuchekwa hakuweza. Alitoa kisu, akakata kamba, na Celina akaanguka chini, kipande cha kamba mkononi, mbele ya wanawake wote wa kigongo waliokuja kuwalilia ng'ombe wao.

Aliinuka akajipangusa matako. "Sawa," alisema. "Umekata kamba. Sasa twende kwa wanaokata maneno."

Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na waasi waliokimbilia msituni, baada ya watu wa Karurumo na vigongo vya jirani kung'olewa mashambani mwao na kusukumwa ndani ya vijiji vya nyasi mbichi, nyumba zimebanana, mtu akikohoa huku anaitikiwa kule. Ukitaka kwenda kwa ndugu yako uombe pasi. Jua likitua kila mtu ndani. Asubuhi filimbi inalia, wanawake wanatoka kwa zamu na majembe kuchimba handaki la kuwazuia watu wa msituni wasije kutafuta chakula. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, au wamejificha nyuma ya mkuki wa homgadi. Kwa hiyo handaki lilichimbwa na wanawake, na wao wenyewe wakiliita kaburi refu la wavivu, maana waliolitaka hawakulishikia jembe hata siku moja.

Celina hakuwa mwanamke wa kunyamaza, na hilo lilijulikana tangu alipokuwa msichana. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akatolewa kwa sababu alimwuliza mwalimu kwa nini wasichana ndio wanaofagia darasa walilochafua wavulana. Baba yake alimchapa, kisha akasimulia habari hiyo kila alikokwenda, kwa fahari. Aliolewa na mtu mpole. Watu walisema Mungu hupenda kusawazisha mizigo. Yule mpole akafa kwa kichomi kabla ya matata kuanza, na akamwachia mke wake shamba kwenye mteremko, binti wawili ambao sasa walikuwa wameolewa mbali, na huyu ng'ombe mwekundu.

Hapo penye ng'ombe pana jambo, na ni vizuri lielezwe sasa.

Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa Njuki, Mmbeere wa Siakago, kwenye nyanda kavu za chini, rafiki wa marehemu. Kule chini jua hukausha hata mate, na watu wa huko, nyasi zikiisha, huwaweka ng'ombe wao kwa marafiki wa huku juu. Anayelisha hunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenyewe, ila baada ya kuzaa mara kadhaa mlishaji hupewa mtamba wa shukrani. Na adabu ya jambo hili ni moja: mlishaji hatangazi. Jirani akimsifia ng'ombe, anaitikia "asante" na kupita. Kusema mbele ya watu "huyu si wangu" ni kumvua nguo mwenzako, kuwaonyesha wachawi na wakopaji mali yake ilipo. Hata wake wenza wa Celina, yaani wanawake walioolewa katika ukoo ule ule, walijua tu kwamba Celina ana ng'ombe mwekundu.

Kwa hiyo alipofika mbele ya karani wa korti ya wazee, na karani akauliza, "Ng'ombe wa nani?" Celina alijibu kama alivyojibu miaka yote. "Wangu." Karani akaandika hivyo.

Korti ile ilikuwa chumba kirefu cha mabati, na rais wake, mkuu wa wazee wanaohukumu, aliitwa Mzee Kinyua, mtu mkavu mwenye koti la kijivu, aliyependa kufunga macho akisikiliza. Watu walisema analala. Waliowahi kudanganya mbele yake walijua kwamba halali.

Elphas alisimama akasema ana amri. Aliitoa, ikasomwa. Kisha Celina akaambiwa aseme.

"Mimi sina maneno mengi," alianza, na watu wa kigongo chake waliokuwa mlangoni wakacheka, kwa kuwa walimjua. "Nauliza kitu kimoja. Serikali ina haki gani ya kunipiga mimi kwa kosa la mtu asiye na jina?"

"Hilo ndilo shtaka lako?" Kinyua aliuliza.

"Ndilo."

Mzee mmoja pembeni ya Kinyua akajiinua kidogo. "Mama, hata sisi hapa, mtu wa ukoo akiua, ukoo mzima hutoa mbuzi. Mbona hilo hukulilalamikia?"

Watu wakaitikia "hee", wakidhani amekwisha. Celina alimgeukia kama amemngoja tangu asubuhi.

"Baba, ukoo hulipa. Lakini kwanza muuaji hutajwa. Anaitwa, anakaa chini, anasikilizwa, na ukoo unasema 'ndiyo, ni wetu' au 'huyo hatumjui'. Hapa nani ametajwa? Nani ameulizwa? Ng'ombe ndiye aliyekamatwa kwanza, kosa bado linatafutwa! Kama hiyo ndiyo mila, basi nitajie babu yako aliyelipa mbuzi kwa ajili ya moshi."

Kicheko kiligonga mabati. Yule mzee akakaa. Hata Elphas aliangalia chini. Ni Kinyua peke yake ambaye hakucheka, na sasa macho yake yalikuwa wazi.

Alifunga vifungo vya koti lake, akasimama. Kisha akasema korti itakwenda kumwona ng'ombe mwenyewe.

Wakaenda zizini, wazee mbele, Celina nyuma yao akitembea kwa hasira na furaha, kwa sababu alijua amewabana. Kinyua alimzunguka ng'ombe. Akashika sikio la kushoto, akalikunjua. Palikuwa na mikato iliyopona zamani, mikato ambayo watu wa juu hawaikati.

"Alama hii ni ya huku?" aliuliza.

Celina aliangalia lango.

"Nimekuuliza, mama."

"Sikio ni la ng'ombe. Muulize yeye."

Kinyua aliachia sikio. "Hukumu ni siku ya soko," alisema. "Na aletwe mtu yeyote wa Siakago anayeijua alama hii."

Njuki alipanda kutoka Siakago na pasi yake mfukoni, vumbi mpaka magotini. Alimkuta Celina mbele ya nyumba yake kijijini anatwanga njugu, akipiga kwa nguvu kuliko njugu zilivyohitaji. Hakukaa kabla ya kuambiwa, maana alikuwa mtu wa adabu, lakini alipoambiwa alikaa kwa uzito.

"Nimeitwa kutaja alama ya ng'ombe wangu mwenyewe," alisema. "Kwani wewe hukuwaambia?"

"Ningewaambiaje? Tangu lini tunawaambia?"

"Haya, mila umeilinda, asante. Sasa waambie. Amri ni ya kigongo chenu, kule kwetu haifiki. Ukisema ni wangu, wanamfungulia kesho."

"Najua! Hilo ndilo Kinyua analolitafuta." Aliutupa mchi. "Njuki, nisikilize. Ng'ombe akiwa wangu, lazima wanijibu: ni haki au si haki. Wakisema si haki, mazizi yote yanafunguliwa. Ng'ombe wa Igoki anatoka, na Igoki ana mjukuu ambaye mama yake amekufa, yule mtoto anaishi kwa maziwa. Ng'ombe akiwa wako, hawanijibu kitu. Wanakupa kamba yako na wanakwenda kula chakula cha mchana."

Njuki alikuna kidevu. "Wakisema ni haki?"

"Basi waseme! Wajue tumewasikia!"

"Na ng'ombe wangu aliwe."

Celina aliokota mchi.

"Swali lako ni zuri, shemeji," Njuki alisema polepole, akimwita hivyo kwa heshima ya marehemu. "Wallahi ni zuri, kama wasemavyo wale Waislamu wa Meru mjini. Lakini swali halikamuliwi. Yule ng'ombe ni mahari ya kijana wangu. Marehemu alinipa mkono juu yake. Ukisema mbele ya korti kwamba ni wako, mimi sitakubishia. Nitarudi nyumbani na nitasema nimeibiwa na nyumba ya rafiki yangu."

Hakupaza sauti. Angepaza, Celina angepata pa kumshika.

Siku ya hukumu iliangukia zamu ya upande wao kuchimba handaki, na aliyekosa zamu alilala selo. Igoki, yule mwenye mjukuu, alimwambia Celina, "Wewe nenda. Kipande chako nitachimba mimi pamoja na changu. Lakini useme mpaka mabati yatoboke." Alikuwa mwembamba, na mtoto mgongoni, na jembe lake lilikuwa la mpini mfupi. Celina alikwenda na maneno hayo masikioni.

Korti ilijaa. Kinyua alimwuliza swali moja tu.

"Mama Celina, kwa kiapo. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Angeweza kusema neno moja. Alimwona Njuki karibu na dirisha, kofia mkononi, hamwangalii. Aliwaona wanawake wa kigongo wasio na zamu mlangoni, hao wakimwangalia wote. 

"Ni wa Njuki wa Siakago," alisema. "Amewekwa kwangu."

Mlangoni watu waliguna. Kinyua alikwisha kuinama, akiongea na karani, sauti yake kavu. Ng'ombe ni wa mtu wa lokesheni nyingine, chini ya chifu mwingine. Amri inataja mifugo ya watu wa kigongo hiki. Kwa hiyo amri hiyo, iwe halali au isiwe halali, haimfikii ng'ombe huyu. Arudishwe kwa mwenyewe. "Juu ya swali lingine," alisema, "korti haisemi neno, kwa sababu shauri limekwisha bila kulihitaji."

"Halijakwisha!" Celina alikuwa amesimama tena. "Limekwisha kwako! Zizi limejaa ng'ombe wa wenzangu. Haya, wewe umesomea haya mambo, niambie, ni haki au si haki?"

"Kaa chini."

"Sikai. Unaogopa?"

Homgadi alisogea. Kinyua alimzuia kwa kidole.

"Mama, sikiliza, maana sitarudia. Nikisema si halali, kesho mlango huu unapigiliwa misumari, na mjane anayenyang'anywa mpaka wa shamba hana pa kwenda. Amri nayo itabaki pale pale. Nikisema ni halali, nitakuwa nimeipigia muhuri kwa mkono wa mtu mweusi, nayo itakaa kitabuni hata siku Hali ya Hatari imekwisha, na watoto wako watasomewa. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Swali lako nimeliacha likiwa zima. Atakuja mwenye nguvu kuliko mimi, atalikuta halijavunjwa."

"Atalikuta limeoza! Mzee, usinipambie woga kwa maua. Kule nje hakuna anayesikia 'korti haikusema'. Elphas anasikia 'endelea'. Bwana Disii anasikia 'endelea'. Kunyamaza kwako kumekwenda mbali kuliko sauti yangu!"

"Toka, kabla sijakutoza faini."

"Nitoze! Utachukua nini? Ng'ombe ni wa Njuki!"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha siku ile ya kwanza. Celina alitoka katikati yao, na wanawake wa kigongo wakampisha kama mtu anavyompisha mwenye upele.

Njuki alimchukua ng'ombe siku hiyo hiyo. Hakumrudisha kwa Celina. Alisema huku juu hakuna usalama tena, bora afe kwa jua kuliko kwa amri. Alishukuru sana, akaahidi mtamba wake atakuja mvua zikinyesha. Kule kwao mvua zina tabia zake. Kwa hiyo Celina, aliyeshinda kesi, alirudi kijijini hana hata kamba.

Igoki alikuwa ameketi kwenye ukingo wa handaki, viganja vimechubuka, mtoto analia mgongoni.

"Wamesemaje?"

Celina alimweleza. Igoki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kifupi, kibaya.

"Kwa hiyo mimi nimechimba vipande viwili ili Mmbeere apate ng'ombe wake."

"Mke mwenzangu, ningesema uongo kwa kiapo?"

"Ungesema ukweli tangu mwanzo! Ungesema si wako, tungempeleka mwenye ng'ombe wake hasa. Ng'ombe wangu ni wangu! Hana Siakago yoyote! Hapo wangelikimbiaje swali lako?"

Celina aliketi chini kwenye udongo. Ilikuwa kweli. Katika hasira yake yote hakufikiri kwamba swali lilipaswa kubebwa na mtu mwingine. Alilitaka libebwe na mdomo wake.

"Twende kesho," alisema. "Twende na wako. Nitakusimamia."

"Kesho!" Igoki alitema mate. "Geuka uangalie barabara."

Vumbi lilikuwa likipanda upande wa Meru. Elphas hakungoja wazee wabadili mawazo. Mara tu aliposikia korti haisemi, alilifungua zizi na kuwaswaga ng'ombe wote kwenda huko walikokwenda, na hakuna mtu wa kigongo aliyewaona tena. Mjukuu wa Igoki alilelewa kwa uji mwepesi na maziwa ya kuombaomba. Aliishi, lakini miguu yake ilipinda.

"Unanidai kipande cha handaki," Celina alisema siku chache baadaye, amesimama na jembe mahali pa Igoki. "Leo nikuchimbie."

"Ondoka. Sitaki jembe lako karibu nami."

Akaondoka. Wakaishi hivyo, nyumba zao zimetenganishwa na ukuta wa matope mwembamba hata unaweza kusikia jirani akijikuna, bila kusalimiana.

Kuhusu Kinyua, mlango wake haukupigiliwa misumari. Mwaka uliofuata shemeji yake Celina, ndugu wa marehemu, alikuja kudai lile shamba la mteremko, akisema mjane asiye na mtoto wa kiume ni mgeni tu. Celina akaenda kwenye chumba kile kile cha mabati, kwa kuwa hapakuwa na kingine, na Kinyua akamrudishia shamba mpaka wa juu na mpaka wa chini.

"Unaona?" Kinyua alimwambia alipokuwa akitoka. "Mlango ulikuwa wazi."

"Naona," Celina alisema. "Kwa ajili ya matuta ya viazi, uko wazi." Na hakushukuru. Kuna waliomwona hana adabu. Wengine walisema mzee alikuwa na haki yake. Celina aliziambia pande zote mbili, kwa zamu, mahali pa kuiweka haki hiyo.

Miaka ilipita, kafyu ikalegea, vijiji vikabomolewa, watu wakarudi kwenye mashamba yao na kukuta magugu yamekuwa marefu kuliko wao. Handaki likaachwa, mbuzi wakawa wanashuka ndani kula nyasi. Mtamba wa Njuki alifika mwishowe, mwembamba kama ngazi, na Celina akampokea kwa maneno ambayo Njuki aliyasimulia Siakago nzima.

Asubuhi moja, msimu wa kwanza wa mvua baada ya kurudi, Igoki alitoka nje akamkuta mtu shambani mwake, amefunga kanga kiunoni, anang'oa magugu na kulima moja kwa moja kutoka mti wa mpaka.

"Nani amekuita?"

"Hakuna." Celina hakuinua kichwa. "Kipande cha handaki. Urefu ule ule."

"Handaki lilikuwa la kwenda chini mpaka kifuani."

"Unataka kupanda mahindi kifuani? Ondoka, unanikanyagia udongo."

Igoki alisimama, mikono kiunoni. Yule mjukuu, sasa anakimbia kwa miguu yake iliyopinda, alikuja akamshika sketi. Jua lilipanda. Celina alilima, akisema peke yake, wakati mwingine juu ya Elphas, wakati mwingine juu ya Kinyua, na maneno mengine hayafai mtoto kuyasikia. Alipofika karibu na mgomba alikuwa amepita mahali pa kuishia, na hakusimama.

"Wewe," Igoki aliita. "Basi. Umezidisha."

"Sijazidisha."

"Nakwambia umezidisha! Siku ile nilikuwa nimechoka, kipande chako nilichimba juu juu. Hedimani mwenyewe alikifokea."

Celina aliinua kichwa, jasho linamtiririka. "Yaani nimelima bure?"

"Hukulima bure, nitapanda maharagwe." Igoki alikuja akamnyang'anya jembe, akalipiga ukingoni kutoa udongo. "Deni limekwisha. Uji uko jikoni. Na ukianza habari za Kinyua mezani kwangu, utaumalizia nje."